Alama ya Kiwiko

Siku mama yao alipoondoka ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na vitunguu vilikuwa tayari kwenye bakuli. Alivikata akiwa amesimama, kisha akatoka kwenda kupumzika kwenye kiti chake cha koridoni, kama alivyozoea kupumzika kati ya vitunguu na nyanya. Hapo kitini moyo wake ukasimama. Mumewe alipopita kuulizia chai, alidhani amesinzia. Nyanya zilibaki juu ya kaunta, nzima, zimeoshwa.

Binti yao mkubwa alipigiwa simu kazini. Ni karani katika ofisi ya dalali wa nyumba, na pale kwao jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika. Wote walimwita Karani. Alifika mbio, akaona watu wamejaa, akaona kile kiti, akageuza uso. Majirani walisema ni uchungu. Ulikuwa uchungu kweli, lakini haukuja peke yake.

Miaka mitatu nyuma, miguu ya mama ilipoanza kuvimba, aliomba kitu kimoja tu: kaunta ya jikoni ishushwe, apike amekaa. Mumewe alikuwa seremala mstaafu, na kwake hiyo ilikuwa kazi ya siku mbili. Alimkalisha mkewe kitini palepale jikoni, akamkunja mkono, akaweka penseli chini ya kiwiko na kuchora alama kwenye fremu ya mlango. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote: kila alichojenga alikipima kwa mwili wa atakayekitumia. Vipimo vya vitabuni alisema ni vya watu wasiokuwepo.

Msumeno ulikuwa umeshatolewa Karani alipoingia.

"Baba, subiri kwanza. Kule ofisini tuna orodha ya vitu vinavyoshusha bei ya nyumba. Kuna mzee alijenga bwawa la samaki sebuleni, mpaka leo hajapata mnunuzi. Mwingine alibomoa ukuta, vyumba viwili vikawa kimoja. Na jiko la chini nalo limo."

"Bwawa sebuleni!" Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyo alikuwa anavua huku anatazama taarifa ya habari? Mimi nataka kukaa tu, mwanangu."

"Sasa Mama, siku tukitaka kuuza, nani atanunua jiko la kuinamia?"

"Huyo mnunuzi simjui. Miguu ninayo hapa."

Baba aliwatazama wote wawili. Tangu binti apate kazi ile, neno lake juu ya nyumba lilikuwa halipingwi. Akarudisha msumeno kwenye sanduku.

"Haya, Karani ameshasema," mama akamaliza, akainuka kwenda kuinjika sufuria. Hakuomba tena. Kiti kikahamia koridoni, maana jikoni kilikuwa kinaziba njia bure.

Miezi miwili baada ya mazishi, Karani aliamua baba asiishi peke yake. Nyumba iuzwe, ahamie kwake. Baba hakusema ndiyo wala hapana. "Nyie ndio mnaojua," alisema. Karani akaandika tangazo kwa mkono wake: vyumba vitatu, jiko la kisasa. Akaita fundi rangi, kuta zote zikawa nyeupe, na fremu za milango pia. Mume na mke mmoja waliahidi kuja kuiona Jumamosi saa tano.

Jumamosi hiyo Karani aliwahi ili afagie. Alipofika getini akasikia msumeno.

Jikoni, ubao wa juu wa kaunta ulikuwa umeng'olewa na kuegemezwa ukutani. Baba alikuwa amepiga magoti, penseli sikioni, unga wa mbao kwenye mvi, akipapasa fremu ya mlango kwa kidole, juu na chini.

"Baba! Wateja wanakuja saa tano!"

"Hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Alama yangu iko wapi?"

"Alama gani?"

"Ya kiwiko cha mama yako. Ilikuwa hapa."

"Fundi aliipaka rangi," alisema Karani. "Mimi nilidhani ni uchafu." Lakini papo hapo akayarudisha maneno hayo. "Hapana, Baba. Niliijua. Nilimwambia fundi apitishe mara mbili, nisiwe naiona."

Baba hakupandisha sauti. Alikaa chini sakafuni, kati ya mbao. "Basi sina kipimo."

"Lakini Mama hayupo. Sasa unamshushia nani?"

"Nilimwambia siku mbili. Imekuwa miaka mitatu. Mimi ni fundi gani?" Akapangusa msumeno kwa kiganja. "Wewe ulisema tu, mwanangu. Msumeno ulikuwa wangu."

Karani angepewa lawama yote pale angeipokea kwa mikono miwili. Nusu yake ndiyo iliyomlemea. Alikwenda koridoni, akabeba kile kiti, akakiweka jikoni, mahali alipokaa mama yake siku ile ya kupimwa. Akakaa. Akakunja mkono.

"Pima."

Baba alisogea kwa magoti, akafumba jicho moja. "Umemzidi kidogo."

"Kiasi gani?"

"Vidole viwili."

Aliweka vidole viwili chini ya kiwiko cha binti yake, na chini ya vidole akachora alama.

Saa tano wateja walikuta miguu minne ya kaunta imeshakatwa. Mke alichungulia jikoni, akacheka kidogo. "Hapa wanapika watoto?"

"Ni jiko la mama yangu."

"Lakini mtalirudisha juu kabla ya kuuza?" aliuliza mume.

"Halirudi," alisema Karani. Wakaondoka bila hata kuuliza chumba cha tatu.

Jumatatu alibandua tangazo lake kwenye ubao wa ofisi.

Baba bado yuko palepale. Kila Jumanne na Jumamosi Karani huenda kumpikia, amekaa kwenye kiti cha mama yake, vitunguu kwanza, kisha nyanya, bila kutoka jikoni. Akiinuka mgongo humuuma, kwa sababu ile kaunta iko chini ya kiwiko chake kwa vidole viwili.