Oda ya Marehemu

Ernestina alivaa nguo zake nyeusi, akatoka Gatete hadi Rumonge mjini, kifurushi amekikumbatia. Ndani mlikuwa na viatu vya kike vyekundu, vya kisigino, namba thelathini na nane. Yeye huvaa arobaini na moja.

Kifurushi kililetwa jana, kina jina la mumewe, Lukeba, ambaye ziwa lilimchukua miezi minne iliyopita. Mtumbwi ulikutwa unaelea mtupu, mwili haukuonekana, matanga yakakaliwa hivyo hivyo. Basi kilipofunguliwa, jirani yake Benita aliangua kilio: mume gani huyu, amekufa na bado anakukumbuka! Ernestina naye akalia, ingawa Lukeba huyo alipokuwa hai hakuwahi kumnunulia hata kandambili. Akajiambia kwamba mumewe aliagiza kabla hajafa, njia ndiyo iliyochelewesha. Namba kakosea, wanaume ndivyo walivyo. Alichotaka ni kimoja tu: abadilishiwe, zawadi ya mwisho ya mumewe imwenee mguuni.

Karibu na soko, Rachidi ndiye aliyekuwa wakala wa duka la mtandaoni, mwenye kupokea vifurushi na kurudisha visivyotakiwa. Akaingiza namba ya oda kwenye simu. Akasoma. Akasoma tena.

"Mama Elda," akamwuliza Ernestina, "baba alifariki mwezi gani?"

"Wa kwanza."

"Hii komande imefanywa mwezi wa ine, tarehe kumi."

"Simu yako iko na makosa, Rachidi."

"Na kuna mesaji ya leo asubuhi." Rachidi hakutaka kuisoma, lakini mama huyo alikuwa amemkazia macho. "Anaandika: 'Mumetuma kwa adresi yangu ya zamani. Hiyo muifute, muniletee hapa Kabonga. Madamu iko anasubiri.'"

Ernestina akalirudia jina hilo moyoni. Kabonga! Si chini ya maji. Kabonga, mahali ambapo mtu anafika kwa nauli.

"Mupigie," akasema.

Rachidi akapiga namba iliyoandikwa kwenye oda, akaongeza sauti ili wote wawili wasikie.

"Alo, ni duka? Ile kolisi ya viatu mumeipata?"

Ilikuwa sauti yake, na kikohozi chake kile kile cha sigara. Ernestina akashika meza kwa mikono miwili. Mwanamume ambaye yeye alimlilia hadi koo likakauka, aliyemfanya alale mkekani wiki nzima, alikuwa anaulizia viatu! Hasira ilikuwa bado haijafika. Alikuwa ameduwaa tu, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi usingizini.

Rachidi akamtazama, ajibu nini? Ernestina akamnong'oneza, na Rachidi akarudia neno kwa neno: "Ndiyo, iko hapa. Kesho saa ine tunakuletea mpaka mulangoni."

"Murakoze sana," akashukuru marehemu, akakata simu.

Ernestina akatoa simu yake, akampigia pasta aliyeongoza maombolezo.

"Amahoro, pasta. Wote waliokuja kwenye matanga, uwaambie kesho asubuhi tunaenda Kabonga."

"Kuna nini, mama Elda? Kuna musiba tena?"

"Hapana. Lukeba iko muzima."

Aliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake mwenyewe, ndipo alipokaa chini sakafuni, katikati ya vifurushi vya watu.