Wastani wa Kungoja

"Wa sindano wapite! Wa kutoa nyuzi wapite!" Eddah aliita kutoka dirishani, na benchi la zahanati ya Chaani likapungua hapo hapo. Aliona raha, kusema kweli. Jambo alilolisoma darasani lilikuwa likimtii mbele ya macho yake.

Kamau, mwalimu wake wa chuo, ndiye aliyemfundisha jinsi kompyuta inavyogawa zamu. Kazi nyingi hugombania prosesa moja, ule ubongo wa kompyuta, na ndani yake mna kiranja anayeamua ipi itangulie. Ukitanguliza fupi, wastani wa kungoja hushuka kuliko kwa mpango mwingine wowote. Basi Eddah alipopelekwa zahanati kwa mafunzo ya kazini, akakuta chumba kimoja cha kuosha vidonda na muuguzi mmoja, Ibtihal, kazi imemwelemea. Prosesa si ndiyo hiyo! Akapendekeza mpango wake, wakamkubalia, na mradi wa kumalizia chuo akaupata.

Kwenye benchi hilo alikuwa akikaa mama yake, Mweri, mwenye kidonda cha kisukari unyayoni. Kukiosha kulikuwa shughuli: kulowesha bendeji, kukata nyama iliyokufa, kufunga upya. Kila aliyekuja na jambo dogo alimpita, mpaka chumba kikafungwa na mama akaambiwa arudi kesho. Kesho ikawa yale yale. Eddah hakuona, alasiri alikuwa chumba cha nyuma akiingiza takwimu zake. Naye mama alikuwa ameapa kutomwaibisha mtoto kazini, wasije wakasema binti wa dirishani anapitisha watu wake. Nyumbani akiulizwa hujibu, "Nishaoshwa, wala hapaumi." Kuuma hakukuuma kweli, maana mguu ulikuwa umekufa ganzi.

Harufu ndiyo iliyotoboa siri ya mama. Asubuhi moja Eddah alipiga magoti aifungue ile bendeji, akakuta fundo lake mwenyewe la wiki iliyopita.

"Mama, hii si niliyokufunga mimi?"

"Nalingojea zamu yangu, mwanangu. Wale wenzangu walikuwa na haraka."

Akampakia kwenye tuktuk hadi zahanati. Ibtihal alitazama mara moja tu, akashika mdomo. "Kwani Bi Mweri ni mamako? Wallahi, Eddah, mbona hukusema? Kila nikifunga chumba namwacha hapo. Mimi nafuata mpango wako."

Mama alipochukuliwa na gari la wagonjwa kwenda hospitali kubwa kisiwani, Eddah aliifungua kompyuta akapitia hesabu upya. Programu yake ilihesabu waliohudumiwa tu. Aliyerudi nyumbani hivi hivi hakuwa na saa ya kumaliza, kwa hiyo programu ilimruka. Wastani ulipendeza kwa sababu mama hakuwemo. Na dawa yake ilikuwa katika somo lile lile: anayengoja sana apandishwe kidogo kidogo mpaka awe wa mbele. Eddah aliijua. Aliiacha kwa kuwa ilipandisha mstari wa grafu, naye alitaka mstari ushuke.

Siku mbili baadaye, Eddah akiwa kwenye ujia wa wodi na chupa ya uji kwapani, Kamau alimpigia simu. "Eddah, hongera! Mradi wako ndio tutawaonyesha wageni."

Ulimi ulikuwa na mengi. "Asante, mwalimu," akasema, akakata simu, akajichukia.

Ndani, mama alikuwa ameamka. Upande mmoja wa shuka ulilala bapa kuanzia gotini.

"Ile hesabu yako wameikubali?"

"Ndiyo, mama. Wameikubali."

Mweri akajiinua kwa kiwiko, uso umemchangamka, akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili. "Huyu ndiye niliyekuwa nikikwambia. Wangu huyu. Asomea kompyuta."

Yule mgonjwa akampa Eddah mkono wa hongera. Eddah akaupokea, chupa ya uji ikiwa bado kwapani.