Bustani ya Naisenya, Njooni na Sweta

Jumamosi asubuhi magari ya watalii yalisimama mbele ya nyumba ya Cresensia, pale kijijini Daa, na wageni wakashuka kutazama mchicha. Si mchicha peke yake. Alikuwa na magimbi kwenye mtaro wa maji ya kuoshea vyombo, kahawa chini ya migomba, na waridi kwenye madumu yaliyokatwa. Alivaa kitenge kipya, akawa anawaonyesha kila mmea kwa jina kama mtu anayetambulisha wakwe. Kiingilio chao kilikwenda kwenye maktaba ya kata.

Maktaba yenyewe ni chumba kimoja, alichokianzisha mwalimu Fabian alipostaafu. Vitabu alikuwa navyo, tena vya kutosha. Rafu ndizo hakuwa nazo. Vitabu vililala sakafuni, na mchwa wa Daa hawana adabu: walimaliza hisabati ya darasa la tano, wakaingia sayansi. Ndipo akina mama wakaunda kamati, wakaamua kufungua bustani zao za nyumbani kwa wageni wanaopita kwenda kreta ya Ngorongoro. Kila mwenye bustani kwa zamu yake.

Naisenya alipoomba zamu, kamati ilisema bustani yake ikaguliwe kwanza. Alikuwa mjane wa Kimasai aliyeshuka kutoka juu, Ngorongoro, mwaka nyumba yake ilipovunjwa kwa maelezo kwamba inawabana wanyama. Nyumba hiyo aliijenga mwenyewe, fito kwa fito, samadi kwa samadi, kama wanawake wa kwao wanavyojenga, na waliokuja kuivunja hawakumpa hata nafasi ya kutoa kibuyu cha maziwa. Kusoma alijifunzia kwa Fabian, mtu mzima mzima, amekaa benchi moja na watoto wa darasa la kwanza. Maktaba ile aliipenda sana. Lakini kuna jambo alilitaka kuliko yote, na alilisema mbele za watu bila kuzunguka: asihamishwe tena.

"Bustanini una nini, mama?" Cresensia, mwenyekiti wa kamati, alimuuliza.

"Nyasi."

"Nyasi tu?"

"Nyasi za kwetu."

Cresensia alikwenda kukagua akiwa na miche ya waridi mkononi, maana alijua anakwenda kukuta aibu. Nyuma ya nyumba ya Naisenya kulikuwa na uzio wa miti na kigeti cha bati. Akakisukuma. Upande wa pili kulikuwa kulekule juu, Ngorongoro: ukungu, baridi, mteremko mrefu wa nyasi fupi, na ng'ombe wakila kwa mbali. Kiwanja chenyewe, kwa sisi tunaokijua, ni kidogo, cha kuanikia mahindi tu. Naisenya alieleza kwamba siku ya kuvunjiwa aling'oa konzi ya nyasi pale mlangoni pake, akaja kuipanda hapa. Ikashika vizuri. Mvua za vuli zikaleta mteremko, za masika zikaleta ng'ombe na nyumba.

Nyumba ilikuwa nzima. Ndani yake mama mkwe wa Naisenya, aliyefariki na kuzikwa hukohuko juu kabla watu hawajahamishwa, alikuwa anakunywa chai ya maziwa.

Cresensia alirudi kwake kuchukua sweta. Kwenye kikao alisema bustani inafaa, ila tangazo liseme wageni waje na nguo za baridi. Ubishi wote siku hiyo ulikuwa juu ya choo cha wageni kichimbwe upande gani.

Basi wageni wakaipenda bustani ya Naisenya kuliko nyingine zote. Cresensia aliona wivu, wala hakuuficha. Yeye anahangaika na mbolea mwaka mzima, mwenzake analetewa mpaka ng'ombe! Mama mkwe aliwapokea mlangoni kwa sharti lake: kila aliye mdogo kwake ainamishe kichwa aguswe utosini, kama watoto wa kwao wanavyowasalimu wakubwa. Wazungu wenye mvi waliinama. Baadaye alimwambia Naisenya kwamba watu hawa nywele zao nyepesi, lakini adabu wanaishika wakifundishwa. Mwezi uleule maktaba ilipata rafu yake ya kwanza, na mchwa wakarudi kula mlango.

Halafu akaja Inosenti. Alikuwa kijana wa Mbulu, mpole, ametumwa na ofisi inayosimamia maeneo ya hifadhi. Nyuma ya pikapu alikuwa na nguzo ya kizuizi yenye rangi nyekundu na nyeupe, pamoja na bango la mbao za mninga lililoandikwa: ENEO HILI LA ASILI HALINA WAKAZI.

"Mama, sikulaumu," alimwambia Naisenya. "Eneo limekufuata lenyewe. Ila likishafika hapa, na sheria zake zimefika. Mle ndani haruhusiwi kuishi mtu."

"Mle ndani anaishi mtu."

"Ndiyo maana nimekuja."

Aliingia, akamkuta bibi amekaa kwenye kigoda. Akasema shikamoo, akainama, akaguswa utosini. Akapewa chai, akaomba aongezewe. Alipomaliza alitoa kalamu, maana notisi ya kuhama haiandikwi bila jina la anayehama.

"Jina lake nani?"

"Jina lake halitajwi," Naisenya alisema.

"Kwa nini?"

"Amekufa. Kwetu mtu akifa jina lake hatulitaji tena."

"Lakini si huyu hapa, anakunywa chai?"

"Chai anakunywa. Jina halitajwi."

Inosenti aliwauliza majirani. Cresensia alisema anamfahamu kama mama mkwe wa Naisenya, basi. Fabian alisema hivyohivyo. Lekoko, mtoto wa Naisenya anayefanya kazi kwenye kambi ya watalii Engaresero, alipigiwa simu na kuulizwa jina la bibi yake. Akakata simu.

"Basi nikuandike wewe," Inosenti alimwambia Naisenya.

"Mimi naishi Daa. Niandikie notisi ya kuhama Daa, niisome."

Kijana wa watu aliona haya, akaondoka. Ofisini walikaa, wakalichambua jambo, wakatoa jibu. Kwa kuwa bibi ni marehemu, hahesabiki kuwa mkazi. Na kwa kuwa hahesabiki, bango linasema kweli. Kizuizi kikawekwa kwenye kigeti cha bati, bango likachimbiwa mbele ya nyumba, na kiingilio cha wageni kikaanza kwenda ofisini badala ya maktaba. Naisenya naye akaambiwa atakuwa anaomba kibali kila anapotaka kuingia.

Mama mkwe aliuliza ule ubao unasema nini. Naisenya akamsomea, akamtafsiria kwa Kimaa. Bibi akafikiri.

"Aliyeandika hayo," alisema, "mimi alinitafuta akanikosa?"

Hapo Naisenya alipandwa na hasira. Kuvunjiwa nyumba alikwisha kulia, yakaisha. Lakini kuandikiwa kwamba hakuna mtu, na mtu mwenyewe amekaa pale anasomewa! Alilishika bango, akalitikisa huku na huku mpaka likalegea, akaling'oa. Akalifunga mkanda, akaubeba mzigo mgongoni na mkanda kipajini, kama wanavyobeba kuni. Alipita nao mbele ya Inosenti kwenye kizuizi.

"Mama, hiyo hairuhusiwi," Inosenti alisema.

"Nimesikia," Naisenya alisema, akapita.

Kwa Fabian likawa rafu. Mninga mchwa hawauwezi. Fabian alitaka kulipiga randa maandishi yatoke, Naisenya akamkatalia katakata. Yabaki, alisema, watoto wakijifunza kusoma waanze nayo, halafu mwalimu awapeleke bustanini wakamsalimie bibi. Fabian alikubali, na hivyo ndivyo darasa la kwanza linavyofundishwa sasa.

Wiki iliyofuata Inosenti alileta bango jingine. Naisenya akaling'oa. Akaleta jingine, nalo likaondoka. Naisenya aliitwa ofisini, akaenda, akafokewa, akarudi, akapitia bustanini kung'oa lililochimbiwa alipokuwa anafokewa. Kibali hakuomba hata siku moja. Kila asubuhi Inosenti alimwuliza anakwenda wapi, naye alijibu, "Nyumbani," akainama kupita chini ya nguzo akiwa na chombo chake cha kukamulia. Kizuizi kipo hadi leo, na kiingilio bado kinakwenda ofisini. Ila vitabu vyote vya Fabian vimepanda ukutani.

Juzi Inosenti alikuwa anachimba shimo tena, jasho linamtoka na baridi yote ile. Mama mkwe alitoka nje na kikombe chake. Akamgusa utosini, akalitazama bango lililolazwa kwenye nyasi, akalipima kwa shubiri, akasema maneno fulani.

"Anasema hili fupi," Naisenya alitafsiri. "Kwa mwalimu pamebaki juu ya dirisha, panataka refu. Mwambie mkubwa wako."

Inosenti alisema atamwambia. Alimwambia kweli, na ofisi ikaona kwamba bango refu litasomeka vizuri zaidi. Jumatatu pikapu ilifika na bango la mninga mtupu, refu mpaka limetokeza nje ya bodi, rangi haijakauka sawasawa. Maneno yalikuwa yaleyale.