Sikio Ukutani

Mji ule ulijengwa juu ya kilima na watu ambao, kwa jinsi walivyoupanga, hawakuwa na haja ya kufika popote kwa haraka. Vichochoro vyake vilipanda kwa ngazi, vikapinda, vikapinda tena, hata mgeni akadhani amerudi alikotoka. Nyumba zake za mawe ziliegemeana kama wazee watokao msibani, na katikati yake mbingu ilionekana kama utepe tu.

Katika kichochoro chembamba kuliko vyote aliishi mwashi mmoja pamoja na mama yake mzazi. Watu walimwita Timazi, kwa jina la ile kamba yenye kipande cha risasi ambayo waashi huiteremsha ili kupima unyoofu wa ukuta. Jina lilimkaa barabara. Siku moja arusini alionekana akiinyoosha picha iliyopinda ukutani kabla ya kumpa mkono bwana arusi, aliyekuwa amekwisha kuunyoosha wake na kuchoka.

Mama yake hakuwa akiona. Nuru ya macho ilimwondoka polepole, kama mafuta yapunguavyo katika taa, wakati mumewe, naye mwashi, angali hai. Sasa mume alikuwa kaburini, lakini mama hakukubali kushikwa mkono na mtu. Kila asubuhi alishuka peke yake mpaka bombani, mwisho wa kichochoro, kiganja chake cha kulia kikiupapasa ukuta. Akanawa uso, akajuliana hali na majirani, akapanda tena. Mahali fulani njiani, karibu na mlango wa mshonaji, alikuwa na desturi ya kutabasamu. Watu walisema miguu yake ina macho, wakaliacha jambo hapo.

Aliyekataa kuliacha alikuwa dada yake Timazi, mkubwa wake, aliyeolewa kule chini tambarare katika nyumba isiyo na ngazi hata moja. Kila alipokuja alianza na habari za ngazi kabla ya kuketi. Mwishowe walipatana, yeye na ndugu yake: siku mama atakapopotea njia, mjadala umekwisha, atahamia kwa bintiye. Timazi alikubali kwa kuwa hakuona siku hiyo ingetokea wapi. Mama alipoambiwa, alisema kwamba huko tambarare angewekwa kitini kama mtungi, na mtungi hauulizwi kama una kiu.

Ndipo alipokuja msanii. Baraza la mji lilimwalika atengeneze kazi ya sanaa isiyoweza kuwekwa mahali pengine popote, naye, baada ya kuzunguka kilima kizima shingo ameielekeza juu, akakichagua kichochoro cha akina Timazi. Alieleza kwamba kichochoro kile kina kila kitu isipokuwa mbingu. Kwa hiyo angetundika vioo vidogo vidogo ukutani, toka bombani hadi juu, kila kimoja kikiwa kimeinamishwa kidogo, ili mbingu ishuke mpaka kwenye ngazi. Kabla jua halijachwa alikuwa amekwisha kuitwa Mama Vioo. Mshonaji alitaka kujua kama vioo hivyo vitawaonyesha wapitanjia wateja wake wakipimwa nguo. Mama yake Timazi aliuliza kioo kitamwambia nini yeye. Hata hivyo aliagiza mgeni asisumbuliwe, kwa sababu alibisha hodi kila mlango na kuomba ruhusa, na watu wa namna hiyo siku hizi ni adimu.

Mama Vioo alimwajiri Timazi afunge kulabu za kutundikia, kisha akaenda zake kukatisha vioo. Alimwagiza kulabu tu. Lakini Timazi alipousogelea ukuta kwa jicho la kazi, aliona haya. Lipu ilikuwa kuukuu, imebanduka huku na huku, imejaa mikwaruzo na vishimo visivyo na maana. Wageni wangetoka mbali kuja kuutazama ukuta huu! Nani hutandika mkeka mpya juu ya sakafu isiyofagiliwa? Basi, bila kumwuliza mtu, akaibandua lipu yote ya zamani na kupiga mpya, laini kama ganda la yai. Majirani walimsaidia kuzoa kifusi na kukitupa bondeni, kila mmoja akijisifu kwa usafi wa mji wao.

Siku hizo mama alikuwa kitandani kwa mafua. Alisikia nyundo, akauliza. Akajibiwa kuwa ni kulabu.

Asubuhi aliyopata nafuu alitoka kama kawaida yake. Timazi alikuwa nyuma ya nyumba akiosha vyombo vyake vya kazi, akasikia mshonaji akimwita. Mama hakuwa bombani, wala hakuwa ngazini. Walimtafuta mpaka wakamkuta katika kichochoro cha pili, ameketi kwenye kizingiti cha nyumba isiyokaliwa na mtu, kanga imemteleza begani, mkono wake ungali ukutani. Hakuwa ameumia. Lakini habari ina mbawa, na kabla Timazi hajamfikisha nyumbani ilikwisha kutua tambarare. Dada mtu alijibu kwa ufupi kwamba angekuja siku ya kufunguliwa kwa vioo, na gari la kubebea mizigo ya mama.

Njiani, walipokifikia tena kichochoro chao, mama alisimama. Aliweka kiganja juu ya lipu mpya, akakipeleka mbele, akakirudisha, kama mtu atafutaye ufunguo katika mfuko mtupu.

"Nani ameufuta ukuta wangu?" aliuliza.

"Ni mimi, mama. Nimeupiga lipu. Ulikuwa na mikwaruzo."

 Mama aliketi ngazini na kumweleza. Ile haikuwa mikwaruzo. Macho yake yalipoanza kufifia, baba yao alikuwa akitoka na patasi wakati watu wamelala mchana, akimchongea alama kwenye lipu, kwa kimo cha mkono wake. Karibu na bomba palikuwa na kikombe. Kabla ya ngazi iliyovunjika, unyayo wa ndege. Penye kona, kitu kama ukope. Na mlangoni pa mshonaji, sikio.

"Sikio la nini?"

"La kunikumbusha nisiseme neno hapo, mshonaji asije akalibeba. Baba yako alikuwa na maneno, mwanangu. Kila nilipopita nilimsikia akicheka."

Timazi alimwuliza kwa nini hakuwaambia wanawe miaka yote hiyo. Mama akajibu kwamba ulikuwa mchezo wa watu wawili, na watoto hawaambiwi kila kitu.

Timazi alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa ameitupa bondeni sauti ya baba yake, tena kwa toroli. Lakini lipu ilikuwa haijakauka sawasawa, na majuto hayachongi. Aliichukua patasi ya marehemu, akamwomba mama amwonyeshe. Mama alikishika kiganja cha mwanawe na kuzichora alama humo kwa kidole, moja baada ya moja, polepole, kama alivyochorewa yeye zamani; naye akazihamishia ukutani. Kikombe kilipita. Unyayo ulipita. Sikio lilikataliwa.

"Hili ni sikio la kitabu cha shule," mama alisema baada ya kulipapasa. "La baba yako lilikuwa limepinda."

Timazi, ambaye hakupata kupindisha kitu kwa makusudi tangu azaliwe, alilifuta na kulichonga upya, akakataliwa tena. Jasho lilimtoka. Alipolipata, mshonaji alichungulia na kuuliza ni kitu gani hicho mlangoni pake. Mama akamjibu kwamba ni jani. Walipofika juu, Timazi aliuliza mlango wao ulikuwa na alama gani. Hakuna, alijibiwa, mlango wa nyumbani hujulikana wenyewe. Mama aliingia kupumzika, lakini Timazi alibaki pale nje kidogo na patasi yake.

Mama Vioo aliporudi na masanduku, Timazi alimweleza yote bila kujitetea.  Msanii alifumba macho, akaweka mkono ukutani, akapanda hatua kwa hatua hadi mwisho, akashuka. Kisha akaamuru kulabu zing'olewe na kufungwa juu zaidi, mahali ambapo mkono wa mama haufiki, akakataa kuandika maelezo yoyote kuhusu alama zile.

"Mbingu itakaa juu," alisema. "Huku chini kuna mwenyewe."

Siku ikafika. Wageni walijaa bombani, na vioo vilizimwaga ngazini chembe za buluu na za mawingu. Dada mtu alisimama kando na mumewe, mikono kifuani, akiwa amekwisha kuliegesha gari mdomoni mwa kichochoro. Alimkumbusha nduguye ahadi yao. Timazi alikiri ahadi, akaomba jambo moja tu: mama apande kwanza, asishikwe, na yeye dada atazame.

Mama akaanza. Kiganja kilikuta kikombe, akaliacha bomba nyuma. Kilikuta unyayo, akainua mguu juu ya ngazi mbovu. Mlangoni pa mshonaji alitabasamu, na hakusema neno. Dada mtu alimfuata hatua chache nyuma, mikono imekwisha kushuka kutoka kifuani, tayari kumdaka. Hapakuwa na wa kudakwa.

Penye mlango wa nyumbani, ambapo hapakupasa kuwa na kitu, mkono wa mama ulisita. Ulirudi. Ulipapasa masikio mawili marefu, pua pana, na mdomo ulioinama kwa huzuni. Ilikuwa picha ya punda, imepinda kila upande. Ndivyo baba alivyokuwa akimwita Timazi alipokuwa kijana, akipandisha chokaa mgongoni: punda wangu.

Mama alicheka. Alicheka mpaka akashikilia ukuta, mpaka akaketi kizingitini na kujifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Huyu ndiye aliyefuta ukuta," alimwambia bintiye. "Mguse, umsamehe."

Dada mtu aliinama, akamgusa punda. Kidole chake kilikaa penye sikio kwa muda mrefu. Hatimaye alimgeukia mumewe, aliyekuwa akipanda huku akihema, akamwambia arudi akalihamishe lile gari. Limewazibia watu njia, na wao watakunywa chai kwanza.

"Na mizigo?" mumewe aliuliza.

"Mizigo ipi?" akasema, akamfuata mama yake ndani.