Chombo cha Mbinguni na Kasha la Bia

"Maman Régine, ule mukwe wa Kasai, siku utakufa, atakulilia na luga gani?"

Jirani yangu Constance aliniuliza hivyo siku moja tukianika mihogo, akacheka. Niliendelea kuanika. Mjane huchunga mdomo wake. Lakini swali lile lilikaa ndani yangu, nikapiga nalo magoti hata katika rozari.

Jumapili moja, baada ya misa, Ariel, kijana huyo wa asili ya Kasai, alikuja na mama yake, Maman Hortense, kumwomba binti yangu Bénie. Walileta kasha la bia, wakaliweka katikati ya sebule. Kwetu, kinywaji cha wakwe hufunguliwa na ndugu ya baba. Akifungua chupa moja tu, mlango umefunguka. Asipofungua, wageni hubeba bia yao na kurudi. Mume wangu alikwisha kuitwa na Mungu. Mwenye kufungua ni mdogo wake, Faustin, mwalimu mstaafu. Na Faustin ndiye anisimamiaye katika ukoo. Siku yangu ikifika, yeye ndiye wa kuwaita watu wanizike. Kumkasirisha ni kubaki peke yangu.

Alikuwa ameshika kifungulio mkononi. Hakufungua. Aliuliza habari za ile filme, sinema iliyokuwa midomoni mwa kila mtu.

Ni filme ya vijana wa hapa hapa mjini. Ilionyeshwa katika sale, ukumbi wa parokia, mtaa mzima tuliiona. Watu wa mbinguni wanashuka na chombo chao nyuma ya terril, ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba. Wanataka mawe yetu ya madini. Wanachoma watu kwa mwanga, kisha wanavaa sura za majirani.

"Bale bijana beko bezi," Faustin alisema. Wezi wa hadithi za watu, alimaanisha.

"Juu ya nini, papa?" Ariel aliuliza kwa heshima. Yeye anafundisha Kifaransa, na vitabu vya namna ile anavipenda.

"Nilisoma bile bitabu mbele weye uzaliwe. Kintu kinaanguka usiku sawa nyota, bantu banakimbia kuona: ya zamani. Mwangaza yenye kuchoma: ya zamani. Bunduki zinashindwa, kisha kamugonjwa kadogo kanamaliza bale bageni bote: ya zamani kabisa! Hata kuvaa sura ya jirani. Sasa kitu gani iko yao?"

"Terril iko yao," Bénie alisema kutoka mlangoni.

Maman Hortense alicheka. Faustin hakucheka. "Weye, leta maji."

Ariel alisogea mbele ya kiti chake. "Papa, kukopa haiko kuiba. Hata bale ba kwanza balikopa. Balikuwa banaona namna bazungu banaingia mu inchi ya bantu na bunduki, bakajiuliza: na siye, kama bengine banatoka juu, banatufanya vile? Moto unaomba kwa jirani, lakini chakula unapika yako."

"Unasema muzuri. Bantu ba kwenu munajua kusema."

Nilimtazama Maman Hortense. Kicheko chake kilikuwa kimekwisha.

"Mwisho wa filme, papa," Ariel aliendelea, "njo yao. Bageni bote banakufa, anabakia moja. Mama moja anamuficha mu jiko yake. Hasemi kitu, anaongeza tu sahani. Mu bitabu yote yenye nilisoma, sikuonaka vile."

"Njo pale balikosa!" Faustin aliweka kifungulio mezani ili apate kunyoosha kidole. "Bantu ba zamani balijua. Mwenye kutoka inje, hata avae sura yako, hata aseme luga yako, anabakia wa inje. Anaanza kulomba kiti, anamalizia na nyumba. Unamufukuza. Njo ukweli ya bile bitabu, na bijana banaiharibu."

Hakuna aliyekuwa akisema habari za filme tena. Kila mtu sebuleni alijua wanaosemwa ni watu wa Kasai.

Maman Hortense aliweka chini, polepole, glasi ya maji ambayo Bénie alikuwa amemletea.

"Siye hatukushuka na chombo, Papa Faustin. Tulizaliwa hapa. Na siku mulitufukuza, ilikuwa train. Nilikuwa musichana, tulilala inje ku gare, tunangojea. Kale kamugonjwa kadogo unasema, miye nakajua. Kalimaliza ndugu yangu mudogo palepale."

"Miye sikutaja jina ya muntu. Tunazungumuza filme."

"Ndiyo, papa. Filme."

Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa reli. Miaka ile watu wa Kasai walipofukuzwa katika mkoa wetu, alirudi siku moja kutoka gare, kituo cha treni, akanawa mikono, akakaa mbele ya bukari, ugali wetu, bila kuugusa. Nilimwuliza kuna nini. Akasema, "Régine, bale beko bantu." Basi. Sahani yake niliiondoa imejaa.

Ariel alisimama. "Mama, tuende." Akainama kulibeba kasha, chupa zikagongana. Bénie alikuwa mlangoni na jagi la maji. Hakumtazama Ariel wala baba yake mdogo. Alinitazama mimi.

Nikawaza jeneza langu, na nani atalibeba. Nikaanza Salamu Maria, haikufika mwisho. Nikanyoosha mkono, nikakitwaa kifungulio pale mezani.

"Ariel, mwanangu, rudisha bia chini."

"Régine!" Siku zote Faustin huniita yaya, yaani dada mkubwa. "Hiyo kazi haiko yako."

"Najua, Baba Faustin. Njo maana nilikungojea."

Nikafungua chupa moja. Povu likanimwagikia vidoleni. Nikajaza glasi. Sikumpa Maman Hortense. Nilimpelekea yeye Faustin kwanza, kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama nilivyofunzwa.

"Kunywa, baba. Tafazali."

Aliitazama glasi mpaka povu likashuka. Kisha akachukua kofia yake juu ya redio, akaliruka kasha la bia, akatoka, glasi yake ikabaki mikononi mwangu imejaa.