Fomu Ilitaka Anwani ya Kweli

Kavugho hakudanganya, na hapo ndipo shida yote ilipoanzia. Fomu ilikuwa na kisanduku cha anwani chenye kinyota chekundu, na chini yake onyo: atakayeandika uongo atanyang'anywa jina. Wewe ungefanyaje? Binti wa mwalimu Phinées, aliyechapwa fimbo utotoni kwa kusema ameoga kumbe amenawa miguu tu, aliandika kweli tupu.

Jina lenyewe lilikuwa jina la tovuti, lile unaloandika kwenye kompyuta ili umfikie mtu. Mwaka ule wa 2002 watu walikuwa wakikimbia vita toka upande wa Eringeti, huku kwetu mashariki ya Kongo, wakifika Beni na Butembo wamepotezana na waume, wamepotezana na watoto. Makanisa yalibandika majina ya waliopotea mlangoni, mvua ikanyesha, wino ukachuruzika, basi. Kavugho alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya kanisa Butembo. Akaamua kuyapeleka majina mahali mvua isipofika. Kando ya kila jina aliandika mtu huyo alionekana wapi mara ya mwisho, na alikuwa mikononi mwa nani.

Sasa hiyo anwani. Butembo alikuwa amepanga chumba, na mwaka huo peke yake alikuwa amehama mara tatu. Kwetu ukiulizwa unakaa wapi kwa kweli, hutaji chumba cha kupanga, unataja kwa baba yako. Akaandika Beni, Bungulu. Fomu ikataka mtaa na namba. Namba gani, jamani? Bungulu nani ana namba? Akaeleza kama anavyomwelekeza mgeni wa harusi: pita bomba la maji, shika kushoto kwa fundi mbao Paulin, nyumba yenye mlango wa bluu na mti wa avoka mbele.

Gracien, mwenye siber, ile nyumba ya kompyuta za kukodi, alisoma begani mwake akacheka. "Yaya, dada yangu, uko naandikia kompyuta ama uko naita fundi akuletee mbao?"

"Balisema tuandike kweli. Mie naandika kweli."

Na orodha ilifanya kazi, msidhani haikufanya. Mama mmoja aliyekimbilia Kampala aliona jina la mwanawe, akampata kijijini Masereka kwa watu wema, mzima, amenenepa kwa viazi. Siku hiyo Kavugho aliimba hadi majirani wakagonga ukuta.

Lakini katika majina yale, kumi na moja yalikuwa ya watu walioonekana mara ya mwisho kwenye kizuizi kimoja cha askari, barabara ya Eringeti. Kumi na moja, kizuizi kimoja, mkubwa mmoja. Mkubwa huyo alipata habari.

Asubuhi moja Gracien alimwita Kavugho, uso umemshuka, akamwonyesha karatasi iliyokunjamana. Jana alikuja kijana wa viatu vya jeshi, akachapisha ukurasa mmoja. Mashine ilikwama, ikatafuna nakala ya kwanza, Gracien akaitupa kapuni. Leo ndipo ameisoma.

Kavugho akaona jina lake. Akaona Bungulu, bomba la maji, fundi Paulin, mlango wa bluu, mti wa avoka.

"Hii imetoka wapi? Niliandikia kampuni, sikuandikia batu!"

"Yaya, nilikuwa sijui na mie. Ukiandika jina la tovuti pahali fulani, inakuambia mwenyewe ni nani na anakaa wapi. Mutu yeyote anaona."

"Mutu yeyote?"

"Bote. Dunia muzima."

Hasira ilikuja baadaye. Kwanza ilikuwa hofu, na hofu ile ilikuwa na sura ya baba yake akiwa amekaa barazani na kitabu cha nyimbo.

Alikimbilia phonie ya kanisa, ile redio ya kuitana mji na mji, akaomba Beni wamwite mwalimu. Sauti ya mzee ikaja na mikwaruzo.

"Tata, toka kwa nyumba leo hii. Enda Masereka kwa shangazi. Batakuja kunitafuta huko."

"Umefanya ubaya gani, mwanangu?"

"Hapana ubaya, Tata. Niliandika majina ya batu."

"Na majina ni ya kweli?"

"Ni ya kweli."

"Basi mie niko kwangu. Wewe ubakie kule. Hapana kuja huku."

Mzee mkaidi, Mungu wangu! Kavugho akaiandikia kampuni: ficheni anwani yangu, kuna watu wanataka kuniua. Wakamjibu kwa adabu kwamba sheria inataka anwani iwe wazi kwa wote. Anaweza kuibadilisha, mradi mpya nayo iwe ya kweli. Akawaandikia na wale wakubwa wanaokutana mahotelini kutunga hizo sheria: mimi ndiye mwenye jina hili, nina haki ya kuwa nalo na kubaki hai. Wakamshukuru, maoni yake yamepokelewa. Kubaki kwake hai hakukuwa na kisanduku katika fomu yao.

Hakuweza kukaa. Siku ya tatu alipanda gari la mizigo, akafika Bungulu adhuhuri. Mlango wa bluu ulikuwa umeng'oka bawaba. Jirani, Mama Élise, alimkumbatia kabla hajauliza.

"Balikuya jana, na karatasi mukononi. Hapana kuuliza mutu hata mumoja. Balikuwa banasoma: bomba, fundi, mulango, avoka. Balisema, Kavugho iko wapi? Muzee akasema, muache mutoto, hiyo kazi ni yangu, mie ndiye naandikaga hayo majina. Bakaenda naye."

"Tata hajui hata kuwasha kompyuta!"

"Tunajua, mwana. Tunajua bote."

Mzee alikutwa maiti baada ya siku nne, kando ya barabara ya Eringeti, karibu na kile kizuizi. Kavugho alilia hadi sauti ikakauka. Kisha akarudi Butembo, akaliandika jina la Phinées mwisho wa orodha, na wapi, na mikononi mwa nani.

Mwaka ukapita. Ujumbe ukaja toka kampuni: tafadhali hakikisha anwani yako bado ni ya kweli, ikiwa ya uongo, jina litafutwa.

Wakati huo majina yalikuwa yamefika mia nne na zaidi. Gracien alimsihi. "Yaya, weka uongo. Kila mutu anaweka uongo."

"Bakigundua, bataondoa majina yote. Na Tata ndani yake."

Akafuta maneno ya zamani, akaandika taratibu: Beni, Bungulu, makaburini. Pita msalaba mkubwa wa saruji, hesabu safu tatu, shika kulia. Msalaba wa mbao uliochongwa na fundi Paulin. Muulize mwalimu Phinées.

Akaisoma tena neno kwa neno, kama baba yake alivyokuwa akisahihisha madaftari, asikute uongo wowote. Akabonyeza. Kompyuta ikafikiri kidogo, kisha ikamshukuru kwa kutoa anwani sahihi.