Bei ya Goti la Shangazi

Kazi yetu ni kuwauliza watu wangelipa kiasi gani kwa tiba fulani, kisha tunarudi baada ya muda na swali lilelile, tuone kama jibu limesimama. Halikusimama hata moja! Bosi alifura, akasema watu hawajui thamani ya afya yao.

Nikarudi kwa wa mwisho kwenye orodha yetu, shangazi yangu, muuza viatu sokoni, anayechechemea.

"Shangazi, tiba ya goti?"

"Elfu nane."

"Si ulisema elfu tano?"

"Wewe nawe! Nikuanzie na bei ya mwisho, kwani mimi mgeni sokoni? Uliondoka bila kusema kitu, nikajua umeikataa. Haya, nimeongeza."

Nusura niiangushe meza ya viatu kwa furaha. Kumbe walikuwa wanapatana bei na sisi! Nikampigia bosi palepale, nikipayuka mpaka wateja wakageuka: "Hawayumbi, bosi! Wanapatana!"

"Muulize kama lingekuwa goti la mwingine," bosi akadakia, naye sasa moto umemwingia.

"Shangazi, na lingekuwa goti langu?"

Akaweka kiatu chini.

"Lako? Hapo hakuna kupatana. Taja wewe, nilipe."